Gusa kwa Niaba Yetu

Mashine ya maji moto ya ghorofa yao ilikuwa imebandikwa karatasi: mbovu.

Rinda alisimama mbele yake na vikombe vya tambi mikononi, viwili huku na viwili huku, binti yake Suli akiwa amemshika upindo wa sweta. Ilikuwa magharibi. Huko nje ukungu wa mlimani ulikuwa umeshaimeza bustani yote ya michezo, gurudumu kubwa limezimwa taa na farasi wa kuzunguka wamefunikwa turubai. Na hoteli ile ya bei poa, yenye milango mingi inayofanana, ilikuwa kimya kama shule wakati wa likizo.

"Twende ya chini," Rinda alisema. "Huko haikosi kuwa nzima."

Lifti ilikawia kuja. Wakashuka kwa ngazi.

Walikuwa wametoka mbali, Sarawak, kule juu mtoni ambako kijiji kizima huishi chini ya paa moja refu. Majirani waliwacheka sana siku ya kuondoka. Mnapanda ndege kwenda kulipia kukaa kwenye mtumbwi? Maana mchezo maarufu wa bustani ile ulikuwa mtumbwi wa plastiki unaoporomoka na maji, na wao mtumbwi ndio ulikuwa miguu yao tangu kuzaliwa. Nyelang, mumewe Rinda, alikuwa ametaka wakapumzike ufukweni. Mama yake ndiye aliyekataa. Bibi Banun, mwanamke asiyeomba kitu kwa mtu, alisema anautaka mlima huu na si mwingine. Hakusema kwa nini, na mama mkwe akishasema, nani atauliza?

Ghorofa ya chini ilikuwa na giza nusu. Taa moja inawaka, mbili hazipo. Kopo la rangi lilikuwa limeachwa kando ya ukuta na zulia lilinuka unyevu.

Kisha Rinda akasikia harufu nyingine.

Moshi wa kuni. Kuku aliyepikwa ndani ya mwanzi pamoja na majani ya muhogo... harufu ya jikoni kwao, haswa. Moyo wake ulichangamka. Akawaza kwamba kuna watu wa nyumbani humu, wameficha jiko chumbani, na meneja akiwagundua watalala nje.

Mlango mmoja ulikuwa wazi.

Ndani hamkuwa na kitanda. Kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mwanamke mmoja amekaa kitako, sahani mbele yake. Dirisha lazima lilikuwa wazi, kwa sababu ukungu ulikuwa umeingia hadi magotini mwake. Uso wake haukuonekana vizuri. Mikono ilionekana. Vidole vyote vilikuwa vimechanjwa chale nyeusi za wafumaji wa zamani, chale ambazo Rinda alizijua kwa vikongwe wawili tu, na wote walikuwa wameshazikwa.

"Karibuni," alisema mwanamke yule. "Karibuni mle."

Aliisema kwa lugha ya kwao.

Ugenini, usikie lugha ya mama yako! Macho ya Rinda yalilengwa na machozi. Lakini Nyelang alikuwa anangoja tambi, na yeye hakupenda kuingia chumba cha mtu asiyemjua.

"Asante, shangazi, tumeshashiba," alidanganya kwa adabu.

"Karibuni," yule alirudia, na akaisogeza sahani hadi kizingitini.

Sasa, watu wa kwao hawakatai chakula hivihivi. Ukikaribishwa nawe huna nafasi ya kula, unakigusa kwa ncha ya kidole, unapeleka kidole mdomoni, basi, umeheshimu. Ukiondoka bila kugusa unajitafutia puni, nuksi inayokufuata njiani: nyoka, mamba, mti kukuangukia. Hata vijana wanaojifanya wameerevuka hugusa. Rinda alitaka kugusa, lakini mikono yote miwili ilikuwa na vikombe.

"Suli," alinong'ona, "gusa kwa niaba yetu sote."

Suli aliinama. Alikuwa hajala tangu mchana, na mtoto ni mtoto. Hakugusa kwa ncha ya kidole. Alimega tonge la wali, akatia mdomoni.

"Wa baridi," alisema.

"Utazoea," alijibu mwanamke.

Rinda alicheka kidogo, akaaga, akamvuta mwanawe. Hakuiona mashine ya maji huko chini. Walipofika kwenye ngazi aligeuka amuulize yule shangazi anatoka mto gani. Milango yote ya ujia ilikuwa imefungwa, na ile harufu haikuwepo tena.

* * *

Maji waliyapata kwenye birika la kukodi. Tambi zikaiva, chumba kikajaa mvuke. Nyelang alikula kwa kelele. Bibi Banun alifungua kifurushi chake cha wali uliofungwa kwa majani, aliokuja nao kutoka nyumbani, kwa kuwa chakula cha mashine alisema hakina mkono wa mama.

Suli alisukuma kikombe chake.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?" Nyelang alimtania. "Umekula ukungu?"

"Nimeshiba."

Hakuitamka kwa deko. Rinda alimgusa shingo. Mtoto alikuwa wa baridi kama samaki. Akamvuta karibu, na pumzi yake ikamjia puani: udongo. Udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi. Ncha za vidole vyake vilivyomega wali zilikuwa na tope jekundu, na Rinda alipolifuta, halikutoka.

"Ananiita," alisema Suli taratibu. "Anasema chakula hakijaisha."

"Nani?" aliuliza Bibi Banun.

Rinda akasimulia. Alisimulia harakaharaka, akitaraji kuchekwa. Nyelang alicheka kweli, lakini kicheko kilimwishia njiani alipomshika mwanawe mkono. Akavaa viatu. Alisema anakwenda mapokezi kuuliza ni nani wanaowalisha watoto wa watu chakula kilichochacha, na waite daktari. Akatoka.

Bibi Banun hakucheka. Alifunga kifurushi chake polepole.

"Alikuwa na chale mpaka wapi?"

"Vidole vyote, mama. Mpaka huku, kwenye viganja."

"Na aliyegusa ni mtoto peke yake."

"Nilimwambia aguse kwa niaba yetu sote." Rinda alimfunika Suli kwa sweta yake. "Mikono yangu ilikuwa imejaa, mama. Mimi sikujua."

"Ungejuaje. Ulifanya kama ulivyofundishwa." Bibi alitazama dirisha, ambako hakukuonekana kitu ila weupe. "Barabara ya mlima huu ilichongwa na watu wetu. Wanaume walikata miti, wanawake waliwapikia. Jioni moja mvua ikanyesha, mlima ukaporomoka wakati wa kula. Sahani zimeshapakuliwa. Wengine walipatikana."

"Na wengine?"

"Mmoja wao nilikuwa nikipika naye," alisema Bibi. Suli alikuwa ameanza kutembea kuelekea mlangoni. Rinda alimdaka kiunoni, na alishangaa alivyokuwa mzito. Mtoto wa darasa la kwanza, lakini ilikuwa kama kuinua gunia la mchanga uliolowa.

Harufu ya moshi ikapenya chini ya mlango.

Kisha hodi.

Ngo... ngo... ngo.

Haikugongwa pale wanapogonga watu. Iligongwa chini kabisa, karibu na sakafu, kama mtu aliyekaa kitako.

"Usifungue," Rinda alinong'ona. "Mama, nakuomba."

"Nisipofungua ataipeleka wapi njaa yake? Amekuja kwa haki. Mwanao amekula kwake." Bibi Banun alishafungua tena majani yake, akanyunyizia wali chumvi. "Lakini yeye naye ni mtu wa kwetu. Na mtu wa kwetu akikaribishwa, hakatai."

Rinda alifahamu. Puni haichagui. Inamfunga mwenyeji, inamfunga mgeni.

Bibi alikaa sakafuni, akafungua mlango kiasi cha kupitisha sahani.

Huko nje palikuwa na ukungu. Ndani ya hoteli, kwenye ujia wenye zulia, ukungu.

"Umefika wakati mzuri, dada," alisema Bibi Banun. "Karibu ule."

Rinda alirudi nyuma na Suli mikononi.

Mkono ukaingia. Vidole vyenye chale, tope jekundu limejaa kuchani. Ukasita juu ya majani. Ukagusa wali kwa ncha ya kidole, ukarudi gizani.

"Wa kwetu," ilisema sauti. Ilitetemeka kama ya mtu anayetaka kulia. "Chumvi ya kwetu."

"Wa kwetu. Sasa tumelingana. Nenda kapumzike."

"Mtoto hajamaliza chake. Aligusa kwa niaba ya wote. Wote hawajala."

Suli alijinyoosha mikononi mwa mama yake, akiielekea ile sauti. Rinda alimng'ang'ania kwa nguvu zote, akilia bila kutoa sauti. Alikuwa tayari kwenda yeye. Alifungua kinywa aseme hivyo...

Bibi Banun akamtangulia.

"Mkubwa wa wote ni mimi. Lete. Nitamaliza mimi."

Sahani ikasukumwa ndani. Wali mweupe, umepoa. Bibi akala. Alikula tonge kwa tonge, bila haraka, kama mtu aliyealikwa harusini, na Rinda hakusikia kingine ila kutafuna kule. Katikati, Bibi aliinua uso akatazama penye ule mwanya wa mlango, akasema kwa sauti ya chini sana, ambayo Rinda hakutegemea kuisikia:

"Bado unazidisha moto, Empiang. Wali unashika."

Kule nje mtu alicheka. Kicheko cha msichana.

Mlango ukajifunga.

Suli akawa mwepesi ghafla, hata Rinda nusura aanguke naye. "Mama," alisema, "nina njaa." Akala tambi zake zilizopoa, kisha za mama yake, na kila alivyokula ndivyo mwili ulivyorudiwa na joto. Rinda alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anamwagiwa mchuzi.

Nyelang alirudi na uso uliosawijika. "Ghorofa ya chini imefungwa," alisema. "Inapakwa rangi. Wanasema hata ngazi ina komeo." Akamwona mwanawe anakula, akashusha pumzi, akakaa. Hakuna aliyemwambia lolote. Bibi alikuwa amelala, amegeukia ukutani.

* * *

Asubuhi jua lilitoka, ukungu ukainuka, farasi wa kuzunguka wakaanza kupiga muziki wao. Ukumbi wa chakula ulijaa watoto. Suli alikuwa na sahani iliyofurika mayai na maandazi, mdomo umejaa, anauliza kama watapanda mtumbwi tena.

"Mama, kula basi," Nyelang alimwambia Bibi Banun. "Tumeshalipia. Hapa hata ukila meza hawakuulizi."

Bibi alitabasamu. Mikono yake ilikuwa mapajani, chini ya kitambaa cha meza.

"Nimeshiba, mwanangu."

Rinda aliacha kijiko. Alichukua kipande cha yai, cha moto, kinafuka, akakiweka kwenye sahani ndogo na kukisogeza taratibu mbele ya mama mkwe wake.

"Karibu, mama," alisema. "Kidogo tu. Tafadhali."

Bibi Banun alimtazama kwa upendo. Akatoa mkono. Akagusa yai kwa ncha ya kidole chenye tope jekundu, akapeleka kidole mdomoni kwa adabu, kama afanyavyo mgeni aliyealikwa kula kwingine.

Kisha akairudisha sahani.