Dumu la Kibibi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kibibi wa darasa la sita alifagia uwanja wa shule yao, Kilwa Masoko. Wiki hiyo alifagia huku mdomo wake ukipiga ngoma: du, du-ka, du! Ijumaa wangecheza Bon Odori, ngoma ya kwao Mwalimu Haruka. Huko Japani, kila majira ya joto, watu huzunguka duara, mpigaji katikati, wakiwakumbuka wazee wao waliofariki. Kibibi ndiye aliyechaguliwa kupiga.

"Mwanamke hapigi ngoma," Bakary, mwanafunzi mwenzake aliyetunza ngoma ya shule, alimchokoza. "Wewe kata kiuno tu."

"Kata wewe, si unacho!"

Alhamisi, wenzake walipoondoka, Kibibi alijaribu kupiga. Ngozi ilikuwa imelegea. Akakumbuka mjomba wake wa Mitole anavyoipasha ngoma moto mpaka ikaze. Akawasha makuti, akaisogeza karibu na moto. Lakini mjomba akipasha haondoki, kiganja chake hakitoki kwenye ngozi. Kibibi aliondoka kufuata makuti mengine. Paa! Ngozi ikapasuka. Akairudisha darasani, akakimbia nyumbani.

Asubuhi Mwalimu Agnes wa darasa lao aliikuta imepasuka.

"Bakary, mtunzaji ni wewe. Pita mbele!"

Bakary akainuka, akapita mbele. Kibibi alijua kabisa: akinyamaza, mchokozi huyu atakoma. Roho ikamsuta. Akasimama.

"Ni mimi, mwalimu. Niliipasha moto, nikaiacha peke yake."

"Basi, hupigi tena!" mwanafunzi mmoja akacheka nyuma.

"Napiga!" Kibibi akamgeukia. "Kesho naipeleka Mitole kwa mjomba, naiwamba kwa mikono yangu. Leo nipeni dumu!"

Mwalimu Haruka, aliyesimama mlangoni, akacheka. "Mleteeni dumu."

Aliyetoka mbio kulifuata ni Bakary.

Jioni dumu la njano lililia uwanjani. Duara likazunguka, mpaka akina mama wauza samaki wakaweka mabeseni chini wakaingia. Bakary alikata kiuno kuliko wote.

Walipopumzika, Mwalimu Agnes akasema, "Kibibi, ngoma umeiharibu, na kesho utaiwamba. Hilo halikwepeki. Ila ungenyamaza, Bakary angeadhibiwa kwa kosa lako. Mtu akikosea akasema mwenyewe, huyo tunaweza kumkabidhi kitu tena. Mmesikia?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Na mwanamke je, anapiga ngoma?" Kibibi akamuuliza Bakary.

"Anapiga, dada. Anapiga mpaka dumu."

Kibibi akanyanyua fimbo zake za kupigia.

"Haya, rudini kwenye duara!"