Marehemu Asiyezaliwa

Kaptura ilikuwa chini ya sindano ya cherehani, imeshonwa ikaisha, uzi haujakatwa. Kaptura ya mtoto wa kiume, ya kijivu, kiuno cha mpira. Mama Cherehani aliigeuza ndani nje akautazama mshono. Ulikuwa wake. Kila fundi ana mkono wake, na yeye hurudia mshono wa mfuko hata mteja asipoomba. Lakini siku hiyo hakuwa ameshona kaptura yoyote. Wala hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Kibibi tu, binti wa darasa la pili mwenye maneno mengi kuliko meno.

Akasema ni uchovu, akaitundika ukutani mwenyewe aje kuidai. Kesho yake akakuta nyingine, kubwa kidogo kuliko ya jana, na chumba kizima kinanuka lami ya moto.

Lami ilikuwepo nje, hilo kweli. Matuta mapya yalikuwa yamemwagwa mbele ya nyumba yake siku chache nyuma. Lakini lami ya nje ilikuwa imekwisha kupoa.

Hapa inabidi tuseme matuta yale yalipatikanaje, na anayetaka kumlaumu mama wa watu angoje kwanza asikie. Nyumba yake ilitazamana na kona mbaya. Barabara inateremka, malori yanakuja kama yamefukuzwa, na shule iko ng'ambo. Wakazi walikuwa wameripoti halmashauri mpaka ndimi zikaota sugu. Afisa wa barabara, waliyembandika jina la Bwana Kiwango, alikuwa na meza kubwa na swali moja: kuna aliyekufa? Wakijibu hakuna, naye anawajibu kwamba kona yao haijafikia kiwango, ziko kona zenye vifo zinasubiri. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwenye duka anayekwambia sukari imekwisha, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Kisha siku moja lori likamnyakua Kibibi begi mgongoni. Begi likaenda na lori, mtoto akabaki amesimama kando ya barabara, mdomo wazi. Mama yake alikwenda halmashauri vile vile alivyokuwa, nyuzi zimemganda nguoni, akifuatana na Kinyozi, mwenyekiti wa mtaa. Akaulizwa swali lile lile.

"Yupo," alisema. "Mwanangu wa kiume. Amekufa pale pale kwenye kona."

Kinyozi alikohoa, kisha akaitikia kwa kichwa. Bwana Kiwango akainuka, akawapa pole, na wiki haikuisha matuta yakamwagwa. Mtaa mzima ulicheka. Kinyozi alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba marehemu wao ana nguvu kuliko diwani. Hakuna aliyejiuliza kama marehemu naye amesikia.

Kaptura ziliendelea kuja, kila moja imeizidi ya jana. Kisha zikaja hatua. Miguu mitupu, midogo, inayonata sakafuni na kubanduka, kunata na kubanduka, kutoka mlangoni hadi kitandani kwa Kibibi. Mama aliinuka akatazama, asione kitu ila harufu ile inayokaba koo. Mumewe alikuwa kazini mbali, na mambo kama haya huwezi kuyasema kwenye simu bila kuulizwa kama umekula.

Asubuhi moja akaona sketi ya shule ya Kibibi inaburuta chini. Akadhani kiuno kimelegea, akavuta mpira, mpira ulikuwa mzima. Akachukua tepu akampima mtoto kutoka begani hadi kisiginoni, na kwa kuwa vipimo vya mwanawe alikuwa navyo kichwani kama jina lake mwenyewe, alijua kabla hajamaliza, akapima tena, akamwambia asimame wima, akapima mara nyingine akiomba kimoyomoyo kwamba tepu imevutika, kwamba macho yake yamezeeka, kwamba lolote lile liwe kweli isipokuwa hili alilokuwa akiliona, kwamba mtoto wake alikuwa amepungua.

Kibibi alimshika mkono. "Mama, usivute sana," alinong'ona. "Kaka anaumia."

"Kaka gani?"

"Aliyesimama nyuma yangu. Anasema wewe ndiye uliyemtaja. Anasema akinifikia kimo, yeye ndiye atakwenda shule, na mimi nitakwenda kulala kwenye kona."

Mama Cherehani akatazama kaptura ya siku hiyo. Ilikuwa imebakiza vidole viwili tu kumfikia Kibibi.

Kinyozi alileta mganga. Mganga aliingia na mkoba mkubwa akatoka na mwendo mkubwa zaidi, maana alipovuka kizingiti tu pedali ya cherehani ilianza kwenda peke yake, na alipoinama kuchungulia chini ya meza, alichokiona hakukisema. Alitoka kinyumenyume. Nje ndipo alipopata sauti, nayo ndogo.

"Dada yangu, huyu jini hakutumwa na mtu. Mmetaja kifo kisicho na mwenyewe, naye akakiingia kama mtu anavyoingia nyumba tupu. Mimi nikimfukuza atarudi. Nenda ulipomtaja, ukamkane mbele ya aliyekusikia."

Kinyozi alimvuta mama pembeni. Akamwambia wakimkana, matuta yatang'olewa, na wao wawili watashtakiwa kwa uongo. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki.

"Wakiyang'oa nitalala mimi barabarani niwe tuta," alisema Mama Cherehani. "Nipishe, mwenyekiti."

Alikwenda halmashauri mchana kweupe, foleni imejaa. Kibibi alitembea kando yake, viatu vimejazwa vitambaa ili visimvuke. Njia nzima, nyuma yao, kitu kilinata na kubanduka. Mama hakugeuka. Kinyozi naye alikuja, kwa mbali, kama mtu anayekwenda kwingine.

Bwana Kiwango hakuinua macho. "Kuna aliyekufa?"

"Hakuna," alisema Mama Cherehani, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Nilidanganya. Sina mtoto wa kiume, sijapata kuwa naye. Aliyeingia nyumbani kwangu kwa jina hilo simjui na simtaki."

Sasa macho yaliinuka. Afisa alisema hilo ni kosa la jinai. Akasema matuta yataondolewa kesho asubuhi, na yeye atafikishwa anakostahili.

"Yaondoe. Lakini kwanza mwambie huyu mwanangu, hapa, usoni, kwamba unangoja afe ndipo uyarudishe."

Afisa alimtazama Kibibi, akatazama kalamu yake. Mama Cherehani alikuwa na hofu na hasira, na hasira ndiyo iliyoshika usukani.

"Uongo ni wangu, nimeutubia," alisema. "Lakini mtoto aliyekufa sikumtaka mimi, baba. Mimi nilitaka matuta. Aliyemtaka ni wewe. Kila tulipokuja hapa, wewe ndiye uliyekuwa ukimwulizia."

Nyuma yake kitu kilisimama. Harufu ya lami ilijaa ofisi, watu wakajifunika pua, kisha hatua zikaanza tena, zikampita Mama Cherehani bila kumgusa, zikapita kati ya watu wa foleni walioinua miguu yao mmoja mmoja bila kujua wanampisha nani, zikazunguka ile meza kubwa pole pole kama mtoto anayeona haya kwa mgeni, mpaka zilipofika kwenye kiti cha Bwana Kiwango, na kiti kikalia kwa uzito wa mtu wa pili anayepanda kupakatwa.

Sauti ilikuwa ndogo na ya kukwaruza.

"Baba, nimekuja."

Mama Cherehani hakungoja kuona zaidi. Alimbeba Kibibi akatoka, na kabla ya kufika nyumbani mtoto akaanza kulalamika kwamba viatu vinambana.

Kesho hakuja mtu kuondoa matuta, wala keshokutwa, wala hapakuwa na kesi. Badala yake matuta yalianza kumwagwa kwenye kona nyingine, na vivuko vikachorwa mbele ya shule ambazo hazikuwa zimezika mtu. Waliokwenda halmashauri walisema afisa hasemi tena habari za kiwango. Wanasema pia kwamba amepungua, kwamba meza ile sasa inamfika kidevuni, na kwamba hainuki kitini mpaka watu wote watoke. Kinyozi alisema anamwonea huruma. Mama Cherehani alisema yeye hana nafasi ya huruma, ana sare za kushona.

Majuzi walimjia wanawake wa mtaa wa pili, wenye shimo lao mbele ya zahanati. Walitaka kujua waseme nini ili wasikilizwe haraka.

"Semeni kweli," aliwajibu, akikata uzi kwa meno. "Semeni hajafa mtu, na hatakufa mtu. Na mseme mkiwa mbali na meza, kwa sababu pale sasa wanaosikiliza ni wawili."