Colby Asirudie Darasa

Jioni ile Joleen Tidwell alikuwa jikoni anakaanga samaki. Mumewe, Royce, aliingia uso umechangamka.

"Nimeamua," alisema. "Colby atarudia darasa la nane."

Joleen aliweka mwiko chini. "Arudie kwani kafeli? Mtoto amefaulu masomo yote."

"Masomo hayana neno. Tatizo ni mwili. Mtazame, njiti ya kiberiti! Akirudia atapata mwaka wa kujaa. Makocha wa vyuo watamwona, watamsomesha bure. Haraka haraka haina baraka."

Katika mji wao wa Texas hilo halikuwa jambo geni. Kila Ijumaa jioni mji mzima huhamia uwanjani kutazama mpira wa Kimarekani, vijana wakikimbia na mpira mkononi. Wazazi kadhaa walikwisha kuwarudisha watoto darasa ili wacheze na watoto waliowazidi umri. Royce hakuwa mtu mbaya, jamani. Alimpenda mwanawe, ila kwa pupa.

"Sawa, baba," alisema Colby kutoka mezani. Akasukuma sahani yake. Baadaye alimnong'oneza mama yake, "Rafiki zangu wote watakwenda sekondari. Watasema nimefeli."

Moyo wa Joleen ulimuuma. Kesho yake alimwita jirani yao, Verna Stubblefield, aliyefundisha michezo shuleni miaka mingi. Mji mzima ulimwita Kocha, hata mchungaji wa kanisa alimwita hivyo.

Kocha Verna aliketi, akapewa chai ya barafu. "Royce, mwanao alizaliwa lini?"

"Mwishoni mwa Agosti. Wewe si huja kila mwaka kula keki?"

"Keki naila, na tarehe naikumbuka. Sasa sikiliza. Sheria ya michezo ya shule zetu inasema, aliyetimiza miaka kumi na tisa kabla ya Septemba mosi, mwaka huo wa shule hachezi. Colby akiendelea, ataanza mwaka wa mwisho wa sekondari akiwa na kumi na nane. Atacheza. Je, akirudia?"

Royce alihesabu kwa vidole. "Kumi na tisa," alisema polepole.

"Basi mwaka wake wa mwisho atakaa jukwaani na wewe, mnatafuna karanga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, bwana."

"Na kama angezaliwa Oktoba?"

"Ningekuuliza jambo jingine. Mwenyewe umemuuliza? Mtoto hurudia darasa masomo yakimshinda. Mwili una wakati wake. Mpe chakula, usingizi na mazoezi ya kiasi."

Royce alivua kofia, akamgeukia mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni. "Colby, wewe unataka nini?"

"Kwenda na wenzangu, baba."

"Utakwenda. Nisamehe, mwanangu."

Colby alikwenda. Mwaka wa kwanza alikaa benchi, wa pili akaanza kurefuka, wa tatu akaingia timu kubwa. Joleen alishukuru Mungu kila alipomsikia anacheka na wenzake barazani.

Ijumaa ya mwisho ya mwaka wa nne ikafika. Siku hiyo kila mchezaji anayemaliza shule huingia uwanjani ameshikana mikono na wazazi wake. Colby alikuwa amempita baba yake kwa kimo. Chuo kidogo cha jirani kilikuwa kimempokea, kwa alama zake na kwa mpira wake.

Jina lao likaitwa. Kabla ya kuingia, Royce akasimama kwanza. Akaenda penye uzio, alipokuwa Kocha Verna, akamshika mkono.

"Njoo, Kocha. Huyu ni wako pia."

Wakaingia uwanjani wote wanne.