Waya Uliochomolewa

— Pikipiki imekataa tena, — Muchangi alisema bila kumtazama.

Ntinyari alisimama mlangoni pa nyumba yao ya kupanga pale mtaa wa Dallas, Embu, tayari amevaa gauni la kwenda Kangeta. Wazazi wake walikuwa wanawangoja. Hii ilikuwa mara ya tatu mchumba wake kualikwa kwao, na mara mbili za kwanza alikwamishwa na pikipiki hiyo kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake.

— Si jana jioni iliwaka? Nilikuwa jikoni, nikaisikia.

— Jana ni jana.

Wiki hiyo Muchangi alikuwa ameng'oa pointi za zamani za kuwashia injini, zilizokuwa zinaungua kila mara, akafunga mtambo mpya wa elektroniki wa kutoa cheche. Sasa alipiga kiki, akafuta jasho, akapiga tena. Haikutoa hata kikohozi.

— Twende na matatu basi.

— Ngoja kidogo.

— Nimengoja tangu saa mbili, Muchangi.

Simu ya Ntinyari ililia. Ujumbe wa mama: "Mko wapi? Baba yako ameshavaa koti."

Ntinyari alivua viatu, akachuchumaa kando ya injini. Chini ya tangi aliona waya mwekundu wa mtambo mpya umechomolewa, ncha yake imezungushiwa utepe wa gundi vizuri kabisa.

— Huu waya umejichomoa na kujifunga wenyewe?

Muchangi alikaa chini kwenye saruji.

— Ni mimi.

— Hunitaki?

— Nakutaka. Kabla sijakujua, nilipopeleka wazee kumposa Carol kwao kule Ishiara, baba yake aliturudisha getini watu wakitazama. Mama yangu alikaa mwezi mzima bila kwenda kanisani. Nikifikiria geti la kwenu, miguu inakataa.

— Na mimi nimemdanganya baba mara mbili nikikutetea. Leo sidanganyi.

Alipiga simu, akaweka spika.

— Baba, pikipiki ni nzima. Muchangi ndiye anaogopa.

— Anaogopa nini?

— Kurudishwa.

Muchangi aliinamisha kichwa.

— Kijana, unanisikia?

— Nakusikia, mzee.

— Sijui nitakwambia nini. Sijakuona bado. Lakini usipokuja leo, usimtume tena mtoto wangu na maneno.

Akakata.

Ntinyari alivaa viatu, akachukua mkoba.

— Mimi naenda stendi. Utajua mwenyewe.

Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia ngurumo nyuma yake. Muchangi alisimama kando, mikono imejaa grisi, shati halijabadilishwa.

— Panda.

— Una uhakika?

— Sina. Panda tu.

Walipita Chuka, wakapita Meru. Kule Kangeta, baba yake Ntinyari alikuwa getini na koti lake. Alimtazama Muchangi kutoka kichwani hadi miguuni, akaitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka.

— Ni baridi ya njiani?

— Hapana, mzee. Ni woga.

Mzee akafungua geti lote.

— Ingia unawe. Mama yake Ntinyari hapendi chakula kipoe.