Mafundo Yalikuwa kwa Ndani

Jioni ile nilitoka kununua uzi. Si uzi wa nguo. Ni ule mnene uliopakwa nta, tunaoutumia sisi washona makochi, maana ngozi ya kiti ukiishona kwa uzi mwembamba itakuaibisha mbele ya watu. Muuzaji alikuwa anafunga duka. Alinikatia uzi, akauliza, "Mzee anaendeleaje?"

"Yupo."

Mume wangu alikuwepo, lakini alikuwa amepinda.

Yote yalianza na pikipiki. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliileta nyuma ya lori. Ilikuwa pikipiki ya kale ya marehemu baba yao, yenye gurudumu la tatu ubavuni, na juu ya gurudumu hilo kiti cha abiria cha bati, kirefu kama hori la ng'ombe. Mdomo wa kiti ulikuwa umezibwa kwa ngozi nyeusi, imeshonwa kuzunguka ukingo wote.

"Umestaafu, mdogo wangu, utazeeka bure. Ifufue," alimwambia mume wangu. Kisha akanigeukia. "Na wewe utamshonea kiti. Si ndiyo kazi unayotutambia?"

"Karibu ndani, wifi, unywe hata maji."

"Maji yako? Nitakunywa kwangu."

Mawifi kutaniana si jambo geni. Ila utani wake ulikuwa na miba, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuchomwa.

Mume wangu aliipenda pikipiki ile kuliko chakula. Alipiga msasa, akapaka rangi, akafungua injini na kuiosha kwa mafuta ya taa, kipande kwa kipande. Kila kitu kilimtii, isipokuwa tairi la ubavuni. Alilijaza upepo asubuhi, jioni limebonyea. Akautoa mpira, akauzamisha kwenye karai la maji, akatafuta povu.

Hakuna.

Mpira ulikuwa mzima. Tairi lilibonyea tu, kama linavyobonyea mtu akikaa.

Kisha mume wangu naye akaanza kubonyea. Bega lake la kushoto, la upande wa kile kiti, likashuka. Akawa anatembea kama aliyeegemewa na mgonjwa. Akakonda. Hospitali wakampiga picha ya mgongo. Mgongo hauna kasoro.

"Kimebaki kiti tu," aliniambia. "Kifungue, unishonee kipya, halafu nitaiuza. Nipumzike, mke wangu."

Mimi nilitaka kitu kimoja: mume wangu anyooke. Ndiyo maana nilirudi na ule uzi mbiombio, nikaenda moja kwa moja bandani, jua likiwa linazama.

"Njoo unishikie taa," nikamwita.

Alikuja hadi mlangoni. Akasimama hapo.

"Mbona huingii?"

"Nakumulikia vizuri tu nikiwa hapa."

Nikainama. Kazi yangu ina kanuni moja ambayo hata mwanafunzi wa kwanza huifahamu: fundo hufungwa upande uliko mkono wa mshonaji. Nikapapasa ukingo wa ngozi nitafute fundo nianzie hapo. Sikuliona. Nikazunguka kiti chote. Silioni. Nikakata mshono mmoja kwa wembe. Wa pili. Wa tatu... Nikaikunjua ngozi kidogo na kuingiza kidole chini yake.

Mafundo yalikuwa kwa ndani.

Yalikuwa yamekazwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Aliyekishona kiti kile alikishona akiwa amekaa ndani yake.

Nilitaka kuacha. Lakini ngozi haikusubiri. Ikaanza kufumuka yenyewe... tap... tap... tap... nyuzi zikikatika moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna goti linasukuma kutoka chini. Harufu ikatoka: nta, jasho, na mafuta ya nywele ya zamani. Pumzi ya moto ikanipita usoni.

Halafu nikasikia bati likilia polepole. Kriii...

Tairi lilikuwa linainuka.

Nikatazama ndani ya kiti. Kitupu. Chini kabisa palikuwa na kofia ndogo ya bati, ile anayovaa mshonaji kidoleni asichomwe na sindano. Nikaiinua kwenye mwanga.

"Ya mama," mume wangu akanong'ona.

"Mama yenu si mlisema aliondoka?"

"Tulisema hatukumwona tena."

"Na humu alikuwa na nani?"

"Abiria wa baba. Alimpakia njiani jioni moja... hakushuka. Akawa anamwegemea baba mpaka baba akafa. Mama akamwingiza humo, akaingia naye."

"Ni nani?"

"Hatukuuliza."

Mgongo wake ukalia, ka-ka-ka, kama vidole vinavyonyooshwa. Akanyooka. Mrefu, mabega sawa, akageuza shingo huku na huku kama mtu aliyetua gunia. Simu yake ikaita. Akapokea, na sauti ya wifi nikaisikia kutoka pale nilipochuchumaa.

"Kafungua?"

"Kafungua."

"Mwambie wifi yangu asante. Nyuzi zilikuwa zinaoza, na sisi wa damu tungefungua angebaki kwetu."

Nikataka kusimama. Bega langu la kushoto likagoma. Kitu kilikuwa kimelilalia, kizito, chenye joto.

"Ulijua?" nikamuuliza mume wangu.

Alikuwa amesharudi nyuma, nje ya mlango.

"Dada alisema una mabega mapana."

Siku hizi anaishi kwa dada yake. Pikipiki imebaki bandani, tairi gumu kama jiwe. Mimi nashona makochi yangu, na nimekwisha kujifunza kukaa upande mmoja tu, maana upande wa pili wa kochi hubonyea kabla sijakaa. Wateja hawakai kabisa. Hutazama pale penye shimo, husema watarudi.

Jana jioni wifi alikuja. Hakuingia. Alishika geti kwa mkono mmoja, akaniita, sauti tamu kama asali.

"Wifi! Kile kiti hujakishona tu? Uingie, ukifunge, upumzike."

"Bado, wifi. Nimekipima leo."

"Ehe?"

"Kipana. Mbali na yeye, kina nafasi ya wanawake wawili." Nikainuka na futi yangu ya kupimia, nikaanza kumwendea. "Hebu njoo nikupime."

Sijawahi kumwona mama mtu mzima akikimbia vile. Aliacha kiatu getini.

Nikarudi, nikakaa upande wangu. Kando yangu kochi likaanza kutikisika taratibu, springi zikilia... kwi... kwi... kwi...

Alikuwa anacheka.