Chupa Saba za Nazareno Pighin

Jioni ya Ijumaa Delmira Pighin alitoka nyumbani na sahani ya empanada, zile sambusa za kwao za nyama, kaifunika kitambaa, anampelekea mwanawe gereji. Ni mtaa wa pili tu. Jua lilikuwa linajificha nyuma ya milima ya San Juan, na kila ukuta ulibandikwa picha ya marehemu mumewe, maana Jumapili zilikuwa mbio za kumkumbuka. Nazareno Pighin, bingwa wa Argentina mara nne katika mbio za magari za barabarani. Hata sanamu walimchongea, pale kwenye kituo cha mafuta. Pua waliikosea, ikatoka kubwa kama ya askofu, lakini mji mzima ulinyamaza kwa heshima.

Delmira hakuwa na shida na sanamu. Shida yake ilikuwa Lisandro, mtoto wake wa pekee, ambaye Jumapili angeshika usukani wa gari lile lile la baba yake.

Alipofika mlangoni, akasikia harufu.

Maji ya moto. Maji na kutu, kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Mmeliwasha?" aliuliza.

"Wapi, mama," Lisandro alijibu, kichwa kiko ndani ya boneti. "Tangu asubuhi halijawaka. Ila linakunywa. Hii ndoo ya tano."

Delmira akatazama chini. Sakafu kavu. Akaweka kiganja kwenye rejeta. Baridi kama jiwe. Lakini humo ndani...

Glu. Glu. Glu.

Kama mtu anameza.

Sauti hiyo aliijua. Alilala nayo kitanda kimoja miaka thelathini. Nazareno alikuwa akiamka anamaliza ndoo, na midomo bado imepasuka. Daktari alisema ni sukari. Majirani walisema ni mvinyo wa kwa wanawake wa watu, na Delmira akawaacha waseme, maana sukari haina uhondo. Siku anakata roho maji yalimtiririka kidevuni, na ulimi wake mkavu kama soli ya kiatu.

Kwenye tairi kuukuu alikaa mzee Urtubey, aliyekuwa fundi na mwenza wa Nazareno garini, kiti cha pembeni, mbio zote nne za ubingwa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Urtubey, wewe unajua kitu."

"Shemeji, mimi mzee sasa. Nasahau."

"Unachosahau ni kuoga tu. Sema."

Lisandro alicheka, akachukua ndoo kwenda bombani. Urtubey hakucheka. Alingoja kijana atoke, ndipo akanong'ona.

"Ule ubingwa wa kwanza. Rejeta ilitoboka jangwani, barabara ya Jáchal. Tundu tukaliziba kwa sabuni. Maji, hatuna. Pale kando kuna kibanda cha Marehemu..."

Delmira akafanya ishara ya msalaba. Nani wa barabara ile asiyemjua Marehemu? Mwanamke aliyekufa kwa kiu, wakamkuta mwanawe mchanga yu hai, bado ananyonya maiti. Kila dereva anayepita humwachia chupa ya maji. Hakuna anayeondoa hata tone.

"Alichukua chupa saba," Urtubey alisema. "Nikamwambia, Nazareno, angalau omba. Akanijibu, maiti hana koo. Tukashinda kwa dakika nne."

"Wiki niliyojifungua," Delmira alisema polepole.

"Wiki hiyo hiyo, shemeji."

Wiki hiyo maziwa yake yalikauka. Ghafla, kama bomba lililofungwa. Lakini mtoto hakulia. Alinenepa. Kila alfajiri Delmira alimkuta na maziwa mdomoni, anatabasamu, na shali yake imejaa vumbi jekundu. Hakumwambia mtu. Alimshukuru Mungu, akafunga mdomo.

Hapo hapo Delmira alijaza chupa saba kwa mikono yake, akamwamuru Urtubey awashe pikapu.

Walifika kibandani kiza bado chepesi. Urtubey aligoma kushuka. Delmira akaenda peke yake kati ya malundo ya chupa, maelfu, nyingine zimegeuka kijani. Katikati yake alikaa mwanamke, miguu peku, mikono ameikunja kifuani kama anayenyonyesha.

Mikononi hamkuwa na kitu.

"Nimeleta maji aliyochukua mume wangu," Delmira alisema. "Yote saba."

"Sina kiu," mwanamke alinong'ona. "Kiu yangu alikwenda nayo yeye."

"Basi niachie mwanangu. Asife Jumapili. Nakuomba."

"Afe?" Aliinua uso, kama mtu aliyetukanwa. "Mama gani huua mtoto wake?"

Chupa zikaanza kugongana. Upepo haukuwapo.

"Nilimzaa mimi," Delmira alisema.

"Nani alimnyonyesha?"

Delmira akaziweka zile chupa saba chini.

"Mumeo hakuniuliza," mwanamke alisema. "Na mimi sikukuuliza."

Urtubey akapiga honi. Delmira aligeuka kidogo tu. Alipotazama tena, palikuwa na chupa, chupa, chupa.

Jumamosi alimsihi Lisandro asiende. Aliyasema yote, hata la maziwa. Lisandro alimkumbatia. "Mama, nchi nzima inakuja kumkumbuka mzee. Nikuache uniaibishe?" Delmira alificha ufunguo wa gari kwenye pipa la unga. Walichonga mwingine.

Jumapili lile gari halikuchemka hata mara moja. Lilipita jangwani kama limevutwa kwa kamba. Lisandro alimaliza wa kwanza, mtu wa pili hata vumbi lake halijaonekana. Wanaume wazima walilia. Delmira aliwapenya kwa viwiko, hasikii makofi wala bendi. Yu hai. Mwanangu yu hai. Alikuwa analirudia hilo tu.

Lisandro alishuka, akavua kofia. Akamtazama mama yake. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole, kama unavyomtazama bibi kizee wa watu anayetaka kuvushwa barabara. Akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, bibi," alisema. "Nimeambiwa ulinitunza vizuri."

Kisha akatazama nyuma ya bega la Delmira, akamtabasamia mtu, kama mtoto anayemwona mama yake.

Delmira hakugeuka.