Msusi Aliyenyimwa Ukweli

Msusi alikuwa na kibanda chake kando ya barabara. Mumewe alikuwa fundi bomba. Mtaa mzima ulimwita bomba likipasuka, lakini bomba la nyumbani kwake lilivuja mwaka hadi mwaka. Mkewe akilalamika, alicheka tu na kusema mganga hajigangi. Waliishi hivyo, kwa utani, mpaka fundi alipoanza kuvimba tumbo na macho yake yakawa ya njano.

Alilazwa hospitali. Kila asubuhi msusi alimpelekea chakula, akamlisha, akamfuta uso, kisha akakimbilia kibandani. Kila siku alimwuliza daktari kijana wa wodi ile, ambaye wagonjwa walimwita Miwani, mumewe anaendeleaje. Miwani alijibu huku anatembea. Alisema bado wanasubiri majibu ya vipimo.

Uongo. Majibu yalikuwa yameshafika. Ini la fundi lilikuwa limeharibika kabisa, na hakuna dawa ambayo ingemponya. Daktari mkuu alimwagiza Miwani awaeleze ndugu. Miwani akamtupia mpira muuguzi. Muuguzi akasema hiyo si kazi yake. Basi wodi nzima ilijua, isipokuwa mke wa mgonjwa.

Siku ya mwisho msusi aliuliza tena. Alikuwa na bibi harusi wa kusuka, kazi ya kutwa nzima. Alitaka kujua kama aende au abaki.

"Nenda tu, mama," Miwani alisema. "Usiwe na wasiwasi, anaendelea."

Alikwenda. Jioni aliporudi, mlinzi wa lango alimtazama, akakitazama na chakula alichobeba.

"Mama, rudi nacho tu hicho," alisema. "Yule wa kitanda cha dirishani alishatolewa."

Hivyo ndivyo alivyopata habari za kifo cha mumewe. Aliambiwa langoni, amesimama, magari yakimpigia honi apishe. Baadaye mgonjwa wa kitanda cha jirani alimweleza kwamba fundi alimwulizia mchana kutwa. Kila mlango ulipofunguliwa, aligeuza kichwa.

Hilo ndilo lililomchoma. Kifo angekipokea, hakuna aliyeumbwa asife. Lakini saa zile za mwisho zilikuwa zake, na mtu alizichukua bila kumwuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Walimsema mgonjwa na jamaa zake. Hawakujua kwamba iko siku mfichaji atakuwa daktari.

Baada ya mazishi, shemeji yake alimsihi ayaache. "Shemeji, kazi ya Mungu haina makosa," alimwambia.

"Ya Mungu haina," msusi alijibu. "Mimi nasema ya Miwani."

Akaenda hospitali. Daktari mkuu alikuwa mama wa makamo, ndiye aliyewafundisha madaktari wapya. Msusi alimpa vidonge vyake mle mle ofisini, bila kumung'unya maneno. Mama yule hakujitetea. Alifunga mlango, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni kosa letu, na langu limo," alisema. "Nilimtuma kijana kazi ambayo sijawahi kumfundisha. Tunawafundisha kushona tumbo la mtu. Kumwambia mkewe ukweli, tunadhani watajua wenyewe."

Kisha akamwomba aje siku ya mafunzo.

"Nije nilie mbele yao?" msusi aliuliza.

"Njoo ukasirike mbele yao."

Siku hiyo madaktari vijana walijaa chumbani. Miwani aliitwa mbele. Zoezi lilikuwa moja: mwambie mke wa mgonjwa kwamba mumewe hatapona. Mke huyo alikuwa msusi. Miwani alipomwona, alirudi nyuma hatua moja. Akabaki amesimama. Akataja majina ya vipimo, akasema hali si nzuri sana ila watajitahidi. Macho yake yalikuwa ukutani.

"Niangalie mimi," msusi alisema. "Ukuta haujafiwa."

Daktari mkuu alimkatiza Miwani, akawaeleza wote. Habari mbaya haitolewi kwenye korido, wala haipelekwi na mlinzi. Tafuta chumba, funga mlango, zima simu. Kaa, macho yako na ya ndugu yawe usawa mmoja. Mwulize ndugu anajua nini tayari. Mtahadharishe kwamba habari ni nzito, kisha iseme kwa maneno ya kawaida. Kama mtu anakufa, sema anakufa. Kama amekufa, sema amefariki.

"Halafu nyamazeni," alisema. "Hapo ndipo wengi mnapokimbia. Mwacheni alie. Akiwa tayari, mwulizeni nani atakuwa naye, na mwelezeni kinachofuata."

Miwani aliinamisha kichwa. "Niliogopa, mama," alimwambia msusi. "Nilidhani ukijua utaanguka, nami nisingejua la kufanya."

"Ningeanguka," msusi alisema. "Kisha ningeinuka nikakae na mume wangu. Wewe ulininyima siku hiyo ili usimwone mtu akilia."

Miwani alivuta kiti, akakaa. Aliuliza msusi anaelewa nini kuhusu ugonjwa wa mumewe, akamsikiliza. Kisha akasema: "Mama, habari niliyo nayo ni nzito. Mumeo hatapona. Huenda ikawa ni leo. Ukiweza, usiondoke."

Akanyamaza. Msusi alilia kwa sauti, na Miwani hakuinuka.

"Hivyo ndivyo," msusi alisema mwishowe, akijifuta. "Sijakusamehe. Lakini hivyo ndivyo."

Tangu hapo mambo yalibadilika. Stoo iliyokuwa karibu na wodi ilisafishwa, ikawekwa viti, ikawa chumba cha kuzungumza na ndugu. Daktari anayejua habari ndiye anayeitoa, hakuna kutupiana mpira. Na kila wakija madaktari wapya, msusi huitwa.

Safari moja, akielekea darasani, alimwona Miwani akitoka katika chumba kile na mzee mmoja muuza duka. Mke wa mzee alikuwa mahututi. Mzee alikuwa analia huku anapiga simu.

"Fungeni duka," alisema. "Leo sitoki hapa."

Saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimepita. Miwani alimpeleka kitandani hata hivyo, akamwekea kiti. Mzee alimshika mkewe mkono, akamnong'oneza jambo, na yule mama akatabasamu.

Msusi aliwatazama kupitia mlangoni. Alimfurahia mzee yule kwa moyo wote. Na papo hapo hasira ikampanda upya, maana kumbe lilikuwa jambo dogo hivi. Akageuka, akaingia darasani. Vijana wapya walikuwa wamesimama wakipiga soga.

"Kaeni," aliwaambia. "Zimeni simu. Leo mtaniambia mume wangu anakufa, na mtaniambia mapema."